Kupima Mega: Ulipie Kipimo Kipi?

Waya wa umeme una sehemu mbili: shaba inayobeba umeme na mpira unaouzuia usitoke nje. Dukani tunauliza unene wa shaba. Fundi akimaliza kazi tunauliza kama taa zinawaka. Kuhusu mpira hatuulizi kitu, ingawa ndio unaozeeka. Joto huukausha, panya huutafuna, msumari wa fremu ya picha huutoboa ndani ya ukuta, na pwani hewa yenye chumvi na unyevu huingia kwenye kila kiungo. Taa huendelea kuwaka huku umeme ukivuja. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mtu kupigwa shoti akigusa friji, au moshi darini.

Kipimo cha kugundua hali hiyo mapema ni cha zamani. Mhandisi Mwingereza Sydney Evershed alitoa kifaa cha kubebeka cha kupimia vihami mwaka 1889, na jina la biashara Megger likasajiliwa mwaka 1903. Leo mafundi wetu husema tu “kupima mega”. Kihami ni chochote kinachozuia umeme usitoke njiani: mpira wa waya, vanishi ya koili, karatasi na mafuta ndani ya transfoma.

Tatizo la mteja ni kwamba vipimo vya kihami ni vingi, bei zake zimeachana sana, na anayeuza huduma ndiye mara nyingi anayekuchagulia. Makala haya yanalinganisha vipimo hivyo kwa wateja wa aina tatu: mwenye nyumba, mwenye mota, na taasisi yenye transfoma au kebo yake. Bei za vifaa nimezitaja kwa dola na kwa makadirio, kwa sababu ushuru, usafiri na faida ya muuzaji huzibadilisha kati ya Kariakoo na Nairobi. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: unacholipia ni namba iliyoandikwa. Kipimo kisicho na namba ni hasara, hata kikiwa cha bei rahisi.

Kwa nini maltimita haitoshi

Fundi asiye na mega huchukua maltimita, huiweka kwenye omu na kutangaza kwamba hakuna shoti. Maltimita hutumia betri ndogo, kwa kawaida isiyozidi volti 9. Umeme wa nyumbani ni volti 230 hivi, na kila wimbi lake hupanda hadi kilele cha volti 325. Ufa wa mpira unaohimili volti 9 unaweza kabisa kuachia kwenye 325. Ndiyo maana mega ya nyumbani husukuma volti 500 za mkondo mnyoofu. Inakivuka kile kilele na kulazimisha udhaifu ujitokeze wakati meni swichi imezimwa na hakuna anayeshika kifaa chochote. Jibu huja kwa megaomu, yaani mamilioni ya omu, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kihami kilivyo bora.

Kipimo cha pili mafundi hukiita haipoti, yaani kipimo cha kuhimili volti. Fikiria bomba la maji. Mega ni kulijaza maji kwa presha inayozidi kidogo ile ya kila siku, kisha kupima kiasi kinachovuja. Haipoti ni kulisukumia presha mara kadhaa ya ile litakayobeba maisha yake yote, ili ujue kama litapasuka. Mega inakupa namba ya kufuatilia mwaka hadi mwaka. Haipoti inakupa “limepita” au “limeshindwa”, na likishindwa, mara nyingi kihami kimetoboka na hakirudi. Mteja akishaielewa tofauti hiyo, sehemu kubwa ya uamuzi imekwisha.

Mwenye nyumba

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataka sakiti ya nyumbani ipimwe kwa volti 500 na isome angalau megaomu 1. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Nyaya mpya zilizofungwa vizuri husoma makumi au mamia ya megaomu, kwa hiyo nyumba mpya inayosoma 1.2 imepita kwa sheria lakini ina jambo la kuchunguzwa kabla plasta haijakauka.

Kwa mfuko wa mwenye nyumba, hesabu ni hii. Kwa volti 230, megaomu 1 huvujisha miliampia 0.23, ambazo ni kidogo mno. Mpira ukioza hadi uvujaji ufike miliampia 50, wati 11.5 zinapotea usiku na mchana, yaani uniti 8 hivi kwa mwezi, zinazolipwa kwa tokeni bila kuwasha kitu. Uvujaji ukifika miliampia 300 mahali pamoja, joto la wati 69 linalala juu ya mbao au vumbi la dari, na hapo moto unaweza kuanza. Breka ya kawaida ya ampia 20 haitalishtukia hilo, kwa sababu kwake miliampia 300 ni mzigo mdogo.

Kifaa kinachoshtuka ni RCD. Ile ya miliampia 30 hukata umeme haraka pale mkondo unapopita kwenye mwili wa mtu kwenda ardhini. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, funga RCD ya miliampia 30 kwanza, kwa sababu inalinda uhai kila saa, nawe ukibonyeze kitufe chake cha majaribio mara kwa mara. Hata hivyo RCD haikuambii uvujaji uko wapi. Nyumba ambayo RCD yake inakata kila mvua ikinyesha inahitaji mega. Fundi anayependekeza kuiondoa RCD “kwa sababu inasumbua” anakuondolea mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Ukimwita fundi wa kupima, utapewa njia mbili. Ya kwanza ni kupima nyumba nzima kwa pamoja kwenye meni swichi. Ni ya dakika chache na inapaswa kuwa ya bei nafuu. Ya pili ni kupima sakiti moja moja. Ina kazi zaidi, kwa hiyo gharama yake ni kubwa zaidi. Njia ya kwanza ina mtego wake, kwani uvujaji wa sakiti zote hujumlishwa. Sakiti nane, kila moja ikiwa na megaomu 8, zikipimwa pamoja husoma megaomu 1 tu. Mteja asiyejua hilo anaweza kuuziwa nyaya mpya za nyumba nzima bila sababu. Kubaliana na fundi hivi: apime kwa pamoja kwanza, namba ikiwa makumi ya megaomu, kazi imekwisha, ikikaribia 1, umlipe nyongeza apime sakiti moja moja. Hapo utajua kama ugonjwa uko jikoni tu, na utabadilisha waya wa jikoni peke yake.

Kabla ya kupima, televisheni, friji na chaja zote zichomolewe, balbu za LED zitolewe, na vifaa vya kuzuia radi vifunguliwe. Volti 500 zinaweza kuua sakiti ndogo za kielektroniki. Pale kifaa kisichotoka kinapobaki, fundi mzuri huunganisha laivu na nyutro pamoja na kuvipima dhidi ya ethi. Kifaa cha kuzuia radi kikishindikana kutolewa, hushusha volti hadi 250. Fundi asiyekuuliza habari za televisheni hajawahi kufanya kazi hii kwa makini.

Ni lini upime? Kabla ya kuunganishiwa umeme, baada ya ukarabati, baada ya paa kuvuja au mafuriko, na unaponunua nyumba ya zamani. England, kwa kanuni za mwaka 2020, mwenye nyumba ya kupangisha anatakiwa nyaya zake zikaguliwe angalau kila miaka 5, na mpangaji apewe ripoti. Kwetu mpangaji anaweza kuliweka sharti hilo mwenyewe kabla ya kulipa kodi ya mwaka.

Haipoti kwa vyombo vya nyumbani usiilipie. Mtengenezaji anayefuata viwango huifanya kiwandani kwa kila pasi na kila birika, kwa volti 1,000 au zaidi. Kinachokuhusu ni kununua chombo chenye alama ya shirika la viwango, na chombo chenye mashaka kipimwe kwa mega. Chenye waya wa ethi kisome megaomu 1 au zaidi, na kile cha plastiki kisicho na ethi kisome 2. Kumbuka pia kwamba koili ya hita iliyokaa stoo muda mrefu hunyonya unyevu na kusoma chini. Huenda ikapanda baada ya kukaushwa kwa joto, hivyo usiitupe kwa kipimo kimoja.

Mwenye mota

Hapa ndipo mega inaporudisha fedha zake haraka zaidi. Mashine ya kusaga ikiungua msimu wa mavuno, mwenye mashine hapotezi gharama ya kusuka mota tu. Anapoteza wateja wanaohamia mashine ya jirani.

Kwa mota zilizosukwa kwa waya za kawaida na zenye volti chini ya 1,000, kiwango cha IEEE 43 kinataka megaomu 5 au zaidi baada ya dakika moja ya kupima kwa volti 500, namba ikiwa imerekebishwa kwa nyuzijoto 40. Urekebishaji huo una maana. Kwa kanuni ya kazi, joto la koili likipanda nyuzi 10, ukinzani wa kihami hupungua nusu. Koili inayosoma megaomu 100 kwa nyuzi 30 itasoma 25 kwa nyuzi 50, na haijaharibika. Mtu anayelinganisha kipimo cha asubuhi na cha mota iliyotoka kusaga mchana kutwa atajitisha bure, au atajituliza bure.

Kuna njia tatu za kulipia. Kipimo cha dakika moja kinatosha mota ndogo za kusaga na pampu za juu ya ardhi. Kipimo cha dakika kumi hutoa uwiano: namba ya dakika ya kumi ikigawanywa kwa ya dakika ya kwanza. Ikiwa ilikuwa 200 ikapanda hadi 500, uwiano ni 2.5, na koili nyingi za kisasa zinatakiwa zifike 2. Uwiano unaokaribia 1 huashiria unyevu au uchafu, na dawa yake mara nyingi ni kusafisha na kukausha, gharama ambayo haikaribii ile ya kusuka upya. Kipimo hiki kinafaa mota kubwa za viwandani. Kifaa ni kilekile, kinachoongezeka ni dakika tisa, kwa hiyo usikubali bei maradufu. Namba ya kwanza ikizidi megaomu 5,000, uwiano huo hauna maana tena, wala usiulipie.

Njia ya tatu ni haipoti, na nafasi yake ni moja tu: mota iliyosukwa upya yote, kabla hujaitoa kwenye karakana. Viwango vya IEC huitaka ihimili mara mbili ya volti zake pamoja na 1,000 nyingine, kwa dakika moja. Mota ya volti 400 inapimwa kwa 1,800. Karakana yenye uwezo huo ikitoza kidogo zaidi ya jirani yake, inastahili, kwa sababu kosa la kusuka litajitokeza mikononi mwao na si shambani kwako. Ila mota ile ile isipigwe haipoti ya pili kwa nguvu hiyo hiyo. Kurudia hufanywa kwa asilimia 80, na mota ya zamani inayofanya kazi iachwe kwa mega.

Wenye pampu za visimani wana hesabu yao. Kuitoa pampu kisimani kunataka watu, mnyororo na siku nzima, na hivyo vyote ni gharama. Mega inaweza kupimwa kutoka juu, kupitia waya ulioshuka. Kwa kuwa waya huo nao unahesabika na umezama majini, namba huwa ndogo kuliko za mota kavu. Franklin Electric, watengenezaji wakubwa wa mota za visimani, huichukulia mota iliyo kisimani kuwa katika hali nzuri ikisoma kati ya megaomu 0.5 na 2. Mteja aliyesikia tu kanuni ya megaomu 5 angeitoa pampu nzima kwa makosa. Kipimo kimoja kwa mwaka, kikiandikwa, humwonyesha mwenye kisima mteremko: 2 mwaka huu, 1.6 mwaka ujao, kisha ghafla 0.3. Hapo anaweza kupanga matengenezo wakati wa mvua, kabla kiangazi hakijamkuta bila maji.

Onyo moja kwa mafundi wa friji na viyoyozi: kompresa ambayo gesi yake imevutwa ikabaki na ombwe isipimwe mega. Ndani ya ombwe umeme huruka kirahisi na kuchoma koili iliyokuwa nzima.

Taasisi yenye transfoma au kebo

Hospitali, hoteli, kiwanda au chuo chenye transfoma yake kina vipimo viwili vya kuchagua kwa makini. Cha kwanza ni cha mafuta. Sampuli hutiwa kwenye chombo chenye ncha mbili zilizoachana milimita 2.5, na volti hupandishwa mpaka cheche iruke. Kwa kiwango cha IEC 60156 jaribio hurudiwa mara sita na wastani kuchukuliwa. Mafuta mapya hutakiwa kufika kilovolti 30 kabla ya kusafishwa na 70 baada ya kusafishwa. Kati ya vipimo vyote vya transfoma, hiki ndicho ninachokiona kina faida kubwa kwa fedha ndogo: sampuli ni ya chupa, na maji yaliyoingia kwenye mafuta huonekana kabla hayajaangamiza kifaa ambacho bei yake ni bajeti ya mwaka mzima. Pamoja nacho, lipia mega ya volti 5,000 kwa koili.

Cha pili ni cha kebo za kilovolti 11 au 33. Zamani zilipigwa haipoti ya mkondo mnyoofu, na bado kuna watoa huduma wanaoiuza kwa sababu mashine yake ni ndogo na rahisi. Kwa kebo za plastiki aina ya XLPE zilizokwisha kutumika, njia hiyo haishauriwi: chaji hubaki ndani ya plastiki, na kebo iliyopita mtihani hukatika baada ya kurudishiwa umeme. Njia inayofaa ni VLF, yaani mkondo geu wa mzunguko wa 0.1 kwa sekunde badala ya 50. Kwa kuupunguza mara 500, nguvu inayohitajika hupungua mara 500 pia, na mashine huingia nyuma ya pikapu. Huduma hii ni ghali kuliko ile ya zamani, na kwa kebo ya XLPE mimi ningeilipia bila kusita. Bei ndogo ya kipimo kinachoua kebo si nafuu.

Kununua mega au kumwita mwenye nayo

Soko lina ngazi nne. Kwa dola 50 hadi 80 unapata mega ya dijitali ya bei ya chini, kama UNI-T UT501A. Inamfaa fundi anayeanza kazi za nyumbani. Kwa dola 150 hadi 300 kuna vifaa vya mshale kama Kyoritsu 3132A, chenye volti 250, 500 na 1,000. Ni vigumu, ni rahisi kusomwa, na ni chaguo langu kwa fundi wa nyumba na mota ndogo. Kwa dola 500 hadi 900 zipo Fluke 1507 na familia ya Megger MIT400, zinazofaa karakana na mkandarasi. Mega ya volti 5,000, kama Megger MIT515, ni dola elfu kadhaa. Mashine za VLF hufika makumi ya maelfu; ziachie kampuni zinazozikodisha.

Ukinunua, usitazame idadi ya vitufe. Tazama mambo matatu. Kifaa kitoe miliampia 1 huku volti zake zikisimama, kama IEC 61557 inavyotaka. Kiwe na maandishi ya usalama ya CAT III au CAT IV kwenye kifaa na kwenye nyaya zake. Kiondoe chenyewe chaji iliyobaki kwenye waya baada ya kupima, kwani kebo ndefu iliyojazwa volti 1,000 inaweza kumwangusha mtu. Halafu nunua rezista ya megaomu 1 inayohimili volti 500. Kila mwezi ipime. Mega ikisoma mbali na 1, ipeleke ikapimwe usahihi wake, kwa mfano katika maabara za mashirika ya viwango, TBS au KEBS.

Je, ununue? Chukua mfano wa hesabu. Tuseme mega ni dola 600, kupimwa usahihi ni dola 60 kwa mwaka, nawe unaitumia miaka 5. Jumla ni dola 900, sawa na 180 kwa mwaka. Fundi anayepima kazi 60 kwa mwaka anabeba dola 3 kwa kila kazi, na anapaswa kuinunua leo. Mwenye nyumba anayepima mara moja kwa mwaka angebeba zote 180 peke yake, kwa hiyo amwite fundi. Chama cha wenye mashine za kusaga au kamati ya maji yenye visima kadhaa wako katikati: wachange, wanunue ya ngazi ya pili, na wamfundishe mtu mmoja.

Karatasi unayostahili kupewa

Tanzania Bara leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, na Kenya na EPRA, kwa madaraja yanayotofautisha kazi ambazo fundi anaruhusiwa kufanya. Uliza leseni na uangalie kama daraja lake linafikia kazi yako. Kisha, kabla ya kukubaliana bei, mwambie kwamba malipo ya mwisho yatatoka ukikabidhiwa karatasi yenye:

– tarehe, jina la fundi na namba ya leseni;
– aina na namba ya kifaa kilichotumika;
– jina la kila sakiti au mota;
– volti za kipimo na muda wake;
– hali ya hewa, na kwa mota, joto la koili;
– megaomu zilizosomwa, kwa tarakimu.

Karatasi iliyoandikwa “SAWA” pekee irudishe. Haikuambii kama waya ulisoma 1.1 au 400, wala haimsaidii fundi wa miaka mitatu ijayo kujua kama hali inaporomoka.

Kwa ufupi: mwenye nyumba alipie RCD na mega ya volti 500, sakiti moja moja pale tu inapobidi. Mwenye mota alipie mega ya dakika moja kila mwaka, na haipoti mara moja tu baada ya kusuka upya. Mwenye transfoma aanze na mafuta, na mwenye kebo ya XLPE adai VLF. Wote waihifadhi karatasi pamoja na hati ya nyumba au kitabu cha mashine, kwa sababu kipimo cha pili ndicho kitakachoipa thamani namba ya kwanza.